Maganda ya machungwa usitupe: mwongozo kamili wa kuikamata limonini nyumbani, kuanzia kwa muuza machungwa mpaka kwenye kikombe

Ukishuka kwenye daladala jioni pale Tandika au Buguruni, Dar, pua inampata muuza machungwa kabla macho hayajamwona. Anazungusha chungwa kwenye kisu, ganda linashuka refu jembamba kama utepe linaingia kwenye kiroba, wewe unapewa chungwa lako limekatwa na chumvi na pilipili kama unapenda, unakula unaondoka. Usiku kile kiroba kinabebwa na takataka zingine. Sasa mi naomba tuongee kuhusu kile kiroba, maana ulichokula ni maji, sukari na vitamini C, sawa, vitu vizuri, ila ile harufu uliyoipata tangu unashuka kwenye gari karibu yote imebaki kwenye maganda, na harufu ile sio pambo tu, ni kitu chenye jina na chenye kazi, na watu wa maabara wamehangaika nacho zaidi ya miaka mia.

Kinaitwa limonini. Ni moja ya terpini, yaani familia kubwa ya vitu vya harufu ambavyo mimea inajitengenezea yenyewe, mara nyingi kwa ajili ya kujilinda na wadudu na magonjwa. Hata jina terpini limetoka kwenye tapentaini, ile ya mafundi rangi inayopatikana kwenye utomvu wa misonobari. Mchaichai una ya kwake inaitwa sitrali, mkaratusi una sineoli, mrehani una linaloli. Chungwa, chenza, balungi, limau, ndimu, wote hao wana limonini ila chungwa limezidi: ukikamua mafuta ya ganda la chungwa tamu, zaidi ya asilimia 90 ni limonini. Mjerumani Otto Wallach ndo alikaa akazichambua terpini moja moja akaonyesha ipi ni ipi, na kazi hiyo ikampa Nobeli ya kemia mwaka 1910.

Unataka kuiona kwa macho? Umeme ukikatika, washa mshumaa, chukua kipande cha ganda bichi, likunje upande wa rangi uangalie moto, minya. Utaona cheche ndogo ndogo zinalipuka kwenye mwali. Hayo ni matone ya mafuta yametoka kwenye vifuko vidogo vilivyo kwenye ganda, vile vitobo unavyoviona ukiliangalia kwa karibu. Kumbuka hilo jaribio la mshumaa, maana limekufundisha mambo mawili kwa mkupuo: limonini inakaa kwenye ngozi ya juu ya chungwa, na inashika moto.

Na la tatu, ambalo ndo limebeba mwongozo huu wote: limonini inakimbia. Ukiiacha wazi inaruka na hewa, ukiianika juani inaruka haraka zaidi, ukiichemsha bila mfuniko inaondoka na mvuke. Kila hatua nitakayokupa hapa chini ukiiangalia vizuri ni namna ya kuizuia isikimbie, basi.

Kwanza, inasaidia nini kweli

Hapa naomba tuwe wakweli maana mtaani mtu anaweza kukuuzia kichupa cha mafuta ya machungwa akakwambia kinatibu kila kitu kuanzia presha mpaka kansa. Hapana.

Kwenye utulivu wa akili kuna ushahidi wa kueleweka. Vienna kule Austria, mwaka 2000, watafiti waliweka harufu ya chungwa kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, watu 72, na wanawake waliokaa kwenye ile harufu walikuwa na wasiwasi mdogo na utulivu zaidi kuliko waliokaa kwenye chumba cha kawaida. Wanaume tofauti haikuonekana. Ni kitu kidogo, ila ni kitu, na mi mwenyewe nikirudi nimechoka na foleni ya Mbagala, nikimenya chungwa nikalinusa taratibu nasikia mabega yanashuka.

Kwenye kiungulia kuna majaribio madogo ya kapsuli za gramu 1 ambayo watu walisema walipata nafuu. Kwenye mawe ya nyongo, Japani madaktari waliingiza limonini moja kwa moja kwenye nyongo kwa mrija, na ripoti ya mwaka 1991 ya wagonjwa 200 ilionyesha 96 kati yao mawe ya kolesteroli yaliyeyuka yote. Lakini soma vizuri, nimesema kwa mrija, hospitalini, sasa mtu akikwambia kunywa chai ya maganda utayeyusha mawe anakudanganya, chai haifiki kule kwa kiwango kile.

Kansa ndo inayopotosha watu zaidi. Chuo Kikuu cha Arizona waliwapa wanawake 43 wenye kansa ya matiti ya mwanzoni gramu 2 za limonini kila siku kwa wiki 2 mpaka 6 kabla ya upasuaji, matokeo yakachapishwa 2013. Limonini ilionekana imejikusanya kwenye matiti, na protini moja inayosukuma seli zigawanyike ikashuka kwa asilimia 22. Inatia moyo sana. Lakini hakuna aliyepona kwa limonini, wote walienda kufanyiwa upasuaji kama ilivyopangwa. Kwaiyo kama una uvimbe nenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, nenda mapema, chai utakunywa ukirudi.

Huko huko Arizona kuna utafiti mwingine nimeupenda sana kwasababu unatugusa sisi wa chai ya rangi. Waliwalinganisha watu wenye aina moja ya kansa ya ngozi na wasio nayo, wakakuta wanaotumia maganda ya jamii ya machungwa kwenye vyakula walikuwa na hatari ndogo, na waliochanganya na chai ya rangi ya moto ndogo zaidi. Ni ulinganisho wa tabia za watu tu, hauthibitishi kwamba ganda ndo lililowakinga, ila kwa kitu cha bure kilichoko kwenye kiroba mi naona kinatosha kabisa kukipa nafasi jikoni.

Hatua ya kwanza: kupata maganda

Habari njema ni kwamba muuza machungwa wa Dar anamenya vizuri kuliko sisi nyumbani. Anatoa ile ngozi ya juu tu, nyembamba, anaacha nyama nyeupe kwenye chungwa. Ndicho tunachotaka, maana mafuta yako kwenye ile ngozi ya rangi, nyeupe haina mafuta, ni uchungu na unyevu unaoleta ukungu wakati wa kukausha. Na usiogope ukijani, machungwa yetu ya Muheza yanaiva huku ganda bado la kijani kwasababu huku usiku hakuna baridi ya kuliondoa, mafuta yako vile vile.

Usichukue kwenye kiroba. Kile kimeshapigwa vumbi, inzi, na mikono ya watu. Mi nilienda kwa kijana anayeuza karibu na kituo chetu nikamwambia kaka, naomba asubuhi kabla hujaanza kuuza unioshee machungwa 20, uyamenyee kwenye ndoo yangu hii yenye mfuniko, machungwa utauza kama kawaida, maganda nachukua mimi. Nikamwachia mia tano ya maji. Sasa hivi ndoo nimeiacha kwake kabisa tumezoeana.

Kama unanunua machungwa ya supamaketi yaliyotoka nje, yale ya rangi kali yanang'aa, maganda yake usiyatumie kwenye chai. Machungwa ya kusafirishwa mbali kwa kawaida yanapakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu, na vyote vinakaa pale pale kwenye ganda.

Hatua ya pili: kuosha

Osha chungwa likiwa zima, sio ganda baada ya kumenya, ukiosha ganda lililomenywa unaosha na mafuta. Weka kijiko cha chai cha beking soda kwenye lita mbili za maji, loweka machungwa robo saa, sugua na brashi laini, suuza kwa maji yanayotiririka, futa yakauke. Mkulima anaweza kuwa amepiga dawa shambani, kwaiyo hatua hii usiiruke hata kama una haraka.

Hatua ya tatu: kukausha, na hapa ndo wengi wanapoteza

Nilivyoanza nilianika juu ya bati, jua la saa saba, siku moja tu yakakauka safi kabisa, nikafurahi. Nikayaweka kwenye kopo. Wiki moja baadae nafungua, nanusa, hamna kitu, majani makavu tu. Limonini yote ilipanda na joto la bati.

Kwaiyo kivulini. Tandaza kwenye ungo, mstari mmoja yasipandane, weka barazani au karibu na dirisha upepo unapopita, funika na kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa vizuri ambacho hakijawahi kuwekwa dawa. Geuza asubuhi na jioni. Kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, ndo wakati wake, upepo mkavu kidogo na ndo msimu wenyewe wa machungwa kutoka Tanga yanamwagika sokoni, siku tatu mpaka tano yanakuwa tayari. Utajuaje? Likunje ganda, likivunjika kwa sauti limekauka, likijikunja tu kama mpira bado.

Masika usijaribu kukausha nje. Dar ile ya mwezi wa nne hata chumvi inalowa kwenye kopo, maganda yataota ukungu siku ya tatu, na yakiota hata doa dogo la kijivu au la kijani mwaga yote, usichambue, ukungu una sumu ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kuchemsha. Kipindi hicho tumia ganda bichi moja kwa moja.

Kuhifadhi: chupa ya kioo, mfuniko unaobana, kabatini gizani mbali na jiko, andika tarehe. Usisage, acha vipande, utaponda unapotumia, maana ukisaga leo vile vifuko vyote vimepasuka na harufu inaanza kuondoka. Miezi mitatu minne iko vizuri.

Hatua ya nne: chai

Chemsha maji vikombe viwili na tangawizi iliyopondwa na majani ya chai kama kawaida yako. Yakishachemka zima moto. Sasa ndo unaweka kijiko kimoja cha chai cha maganda makavu uliyoyaponda hapo hapo kwenye kinu, au kipande kibichi cha urefu wa kidole, alafu funika haraka. Dakika saba mpaka kumi. Ukifunua utaona umande kwenye mfuniko, urudishe kwenye sufuria usiumwage, ule umebeba harufu. Chuja, kunywa.

Limonini haipatani na maji, inapatana na mafuta. Ndo maana kwenye chai ya maziwa fresh, yale yenye mafuta yake, ladha ya ganda inakaa zaidi mdomoni kuliko chai ya rangi. Na ndo maana pia njia bora kabisa kwa mtazamo wangu sio chai, ni kwenye chakula chenye mafuta: kwaruza ganda bichi kwenye grata ile ya tundu ndogo, nusu kijiko, changanya na samli au mafuta ya nazi kabla hujatia kwenye unga wa maandazi au keki. Bibi yangu Muheza alikuwa anaweka kwenye maandazi pamoja na iliki, hakuwahi kusikia neno limonini maisha yake yote.

Kikombe kimoja viwili kwa siku vinatosha. Kiasi utakachopata ni kidogo sana ukilinganisha na zile gramu 2 za Arizona, usijaribu kuzifikia kwa kuongeza maganda, utaishia na tumbo kuuma.

Hatua ya tano: mafuta ya kuchua

Maganda makavu kabisa, narudia makavu, maana tone la maji likibaki mafuta yataharibika, kikombe kimoja, na mafuta ya nazi vikombe viwili kwenye chupa ya kioo. Isimamishe kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, moto mdogo kabisa, maji yasichemke, kwa saa mbili. Acha ipoe, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chupa ya rangi nyeusi au ifunge na karatasi. Tumia ndani ya mwezi mmoja.

Huo mwezi mmoja nimeuweka kwa sababu. Limonini ikikaa na hewa muda mrefu inaungana na oksijeni inageuka kitu kingine kinachosababisha aleji ya ngozi. Mafuta mapya ngozi nyingi hayazisumbui, yaliyochacha yanawasha. Kwaiyo kabla ya kujipaka paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku nzima, pakiwa pekundu au panawasha acha.

Na usibadilishe chungwa ukaweka ndimu au limau. Maganda ya hizo yana vitu vinavyoamshwa na jua, ukipaka ukatoka saa sita mchana na jua hili la Dar unaweza kuungua malengelenge na kubaki na madoa meusi miezi.

Hatua ya sita: kusafishia jiko

Hii ni nyepesi. Jaza maganda mabichi kwenye chupa ya kioo, mimina siki nyeupe mpaka yafunikwe, wiki mbili, chuja, changanya nusu kwa nusu na maji kwenye chupa ya kupulizia. Grisi ya jiko la gesi na sinki inatoka vizuri. Usitumie kwenye terazo, siki inaila. Na usichanganye na jiki hata siku moja, siki na jiki zinatoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Kwa nini kioo kila mahali? Kwasababu limonini ikiwa nzito inayeyusha baadhi ya plastiki, ukidondoshea mafuta ya ganda kwenye lile boksi jeupe jepesi la chipsi utaona linatoboka.

Hatua ya saba: kwa anayetaka mafuta yenyewe

Limonini peke yake inachemka kwenye nyuzi 176, lakini ikiwa na maji inapanda na mvuke kabla hata ya nyuzi 100, na hapo ndo tunaikamatia. Sufuria kubwa, weka kitako cha kigae au tofali safi katikati, juu yake bakuli dogo la kioo linalostahimili joto. Maganda mabichi ya machungwa 20 yaliyokatwakatwa na maji kuzunguka, yasifike kwenye bakuli. Mfuniko ugeuze kichwa chini ili ncha iangalie bakuli, juu yake weka barafu. Moto mdogo, saa moja, barafu ikiyeyuka badilisha. Mvuke unagonga mfuniko wa baridi unadondokea kwenye bakuli, na juu ya maji utaona utando mwembamba unang'aa, mafuta yanaelea maana ni mepesi kuliko maji. Utapata matone tu, yavute na bomba la sindano lisilo na sindano.

Dirisha wazi, watoto mbali, sufuria usiiache peke yake, na umeshaona kwenye mshumaa inavyoshika moto kwaiyo usifunue mfuniko juu ya jiko linalowaka, zima kwanza ipoe.

Mafuta haya hayanywewi. Tone mbili kwenye bakuli la maji ya moto chumbani kwa ajili ya harufu, inatosha. Mtoto akiyanywa kwa bahati mbaya usimtapishe, yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndo hatari kubwa, mkimbize hospitali na chupa uende nayo. Mwenye pumu harufu kali inaweza kumbana kifua, mjamzito abaki kwenye chakula tu, na paka wa nyumbani asiwekwe karibu kabisa, mwili wa paka haumudu limonini.

Maswali ninayoulizwa sana

Balungi nalo? Lina limonini ya kutosha, lakini kama unatumia dawa ya kolesteroli kama simvastatin au ya presha kama nifedipine kaa mbali nalo, balungi linafanya dawa ijae kwenye damu kupita kiasi. Muulize mfamasia wako.

Kuchoma maganda kufukuza mbu? Harufu inawasumbua kidogo, ila moshi ndani ya chumba kimoja na watoto ni madhara juu ya madhara, na malaria haingojei. Chandarua chenye dawa.

Nyungu, yaani kujifukiza? Tangu 2020 wengi wameongeza maganda ya machungwa kwenye nyungu pamoja na mchaichai na mkaratusi. Harufu inafungua pua kweli, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watu, kwaiyo bakuli mezani, maji yaliyopoa dakika chache, dakika tano, na watoto hapana.

Nilisoma limonini inaleta kansa ya figo? Ilitokea kwa panya madume, kwa sababu ya protini moja ambayo binadamu hatuna, ndo maana mwaka 1999 shirika la utafiti wa kansa la WHO likaiweka kwenye kundi la vitu visivyothibitika kuleta kansa kwa binadamu.

Ikifika Novemba pitia chupa zako za kipupwe. Toa kipande kimoja, kivunje katikati ya vidole, sogeza puani. Kikikupigia harufu kama siku ile barazani, rudisha kabatini. Kisiponuka, mwaga kwenye bustani, ndoo iende tena kwa muuza machungwa.